Gari Lisilogusa Reli na Maji ya Wakulima wa Chai

Wakulima wa Kisii na Nyamira, wengi wenu mmekwisha kuona katika simu za watoto wenu picha za gari la Japani linalokwenda bila kugusa reli. Gari hilo ni refu na jeupe, pua yake imechongoka kama mdomo wa bata, na hupita upesi hata mtazamaji hawezi kuhesabu mabehewa yake. Tarehe 21 Aprili, 2015, lilikwenda mwendo wa kilomita 603 kwa saa likiwa na watu ndani. Vijana wakiisha kuona picha hizo huuliza: Kwa nini Serikali isitujengee sisi gari la namna hiyo, badala ya ile reli ya kawaida inayosemwa kila mwaka?

Swali la vijana si baya, nasi tutalijibu. Lakini katika habari za gari hilo kuna jambo lisiloonekana katika picha, nalo lawahusu wakulima wa chai kuliko mtu mwingine ye yote. Gari hilo lilipangwa kuanza kuchukua abiria kati ya Tokyo na Nagoya mwaka 2027. Mwaka 2024 kampuni inayolijenga ilikiri wazi kwamba haiwezi kuutimiza mwaka huo, na safari ya kwanza yatazamiwa mwaka 2034 au baadaye. Je, ni nini kilicholizuia gari lenye nguvu kiasi hicho? Ni mto mmoja, na watu wanaoutegemea mto huo kwa kunywa na kwa kumwagilia mashamba, na katika mashamba hayo yamo ya chai.

Kwanza tueleze gari lenyewe. Kila mtoto wa shule aliyecheza na sumaku ajua kwamba ncha mbili za namna moja husukumana, na zisizofanana huvutana. Gari hili limefungwa sumaku za umeme zenye nguvu nyingi sana, nazo hupozwa kwa baridi kali kupita barafu yo yote. Kandokando ya njia kuna kuta zenye nyaya za umeme. Gari huanza kwa magurudumu ya mpira kama basi. Likifika mwendo wa kilomita 150 hivi kwa saa, sumaku huliinua sentimita 10 juu ya njia, nalo huenda likisukumwa na kuvutwa na sumaku tu. Kwa kuwa halikwaruzi cho chote, mwendo wake waweza kupita kilomita 500 kwa saa.

Lakini gari la mwendo huo haliwezi kupinda kona kali. Lazima njia iwe karibu kama uzi ulionyoshwa. Penye mlima haizunguki, hutoboa. Njia ya Tokyo na Nagoya ina urefu wa kilomita 286, na sehemu kubwa yake imo ndani ya mahandaki, yaani njia zilizotobolewa ndani ya milima na chini ya ardhi. Handaki moja, lenye kilomita 25, lapita chini ya milima mirefu ya kusini, na kipande chake kimo katika mkoa wa Shizuoka, chini ya vyanzo vya mto uitwao Oi.

Mkoa wa Shizuoka kwa miaka mingi ulikuwa wa kwanza katika Japani kwa chai. Pana nchi ya juu huko iitwayo Makinohara, iliyofyekwa tangu mwaka 1869 na askari wa zamani waliopoteza kazi utawala ulipobadilika. Walishika majembe wakapanda chai, na leo michai imeenea huko mpaka upeo wa macho. Mto Oi hunywesha watu 600,000 hivi, na maji yake hupelekwa kwa mifereji na mabomba mpaka mashamba ya mpunga na ya chai. Jambo la kuongeza uchungu ni kwamba gari hilo halitasimama Shizuoka. Mkoa huo haukupewa hata stesheni moja katika njia hiyo.

Sasa angalieni jinsi mambo yalivyokwenda, kwa maana hapa ndipo penye faida kwetu. Waziri wa Japani aliiamuru kampuni ya reli ya JR Tokai kujenga njia hiyo mwezi wa Mei, 2011. Kabla ya kukubaliwa kuanza, sheria iliilazimisha kampuni kuandika taarifa ya madhara yatakayoipata nchi. Katika taarifa yake ya mwaka 2013 kampuni iliandika kwamba, handaki likichimbwa, maji ya mto Oi yaweza kupungua kwa kiasi cha tani 2 kwa kila sekunde. Sentensi hiyo ilikuwa fupi, imo ndani ya makaratasi mengi. Lakini watu wa Shizuoka waliisoma. Tani 2 kwa sekunde ni sawa na mapipa 10 makubwa ya lita 200, kila sekunde moja, mchana na usiku.

Serikali ya Japani iliidhinisha ujenzi mwezi wa Oktoba, 2014, na mikoa mingine ikaanza kuchimba. Lakini katika nchi ile, sheria ya mito haimruhusu mtu kuchimba chini ya mto kama ule bila idhini ya gavana wa mkoa. Gavana wa Shizuoka wakati huo, Bwana Kawakatsu Heita, alikataa kutoa idhini mpaka aonyeshwe jinsi maji yote yatakavyorudishwa mtoni. Mwaka 2018 kampuni iliahidi kwamba maji yatakayotoka katika handaki yatarudishwa. Basi wakaulizwa: Yatarudishwaje wakati handaki linachimbwa, maji yakitiririka kwenda upande wa pili wa mlima, mkoa mwingine? Jibu halikuwa tayari. Wataalamu waliitwa, mabaraza yakafanywa mwaka baada ya mwaka. Mwishowe likatokea shauri kwamba kampuni ya umeme, yenye bwawa huko juu mahali paitwapo Tashiro, ipunguze maji inayochukua ili kufidia yale yatakayopotea. Ni shauri la busara, lakini lilitolewa miaka mingi baada ya reli kuidhinishwa.

Wako waliomlaumu sana Bwana Kawakatsu. Walisema ni mkaidi, na kwamba amewafanya watu wa mikoa mingine kungoja bure ilhali wamekwisha kutoa nyumba na mashamba yao kwa ajili ya reli. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Kuchelewa kuna gharama, na gharama ya njia hiyo ilipanda kutoka yen trilioni 5.5 mpaka trilioni 7 mwaka 2021, ingawa si kwa sababu ya Shizuoka peke yake. Gavana huyo alijiuzulu mwaka 2024. Lakini sisi twasema kwamba kosa kubwa halikuwa la aliyeuliza. Kosa lilikuwa la kuidhinisha kwanza na kujibu baadaye. Swali la maji lingalijibiwa kabla ya mwaka 2014, pengine gari lingalikuwa linakaribia safari yake ya kwanza.

Kama mtu asema hofu ya maji ilikuwa ya maneno tu, na atazame mkoa wa Gifu, katika njia hiyo hiyo. Mwezi wa Mei, 2024, ilitangazwa kwamba katika mji wa Mizunami, karibu na mahali handaki linapochimbwa, visima na vyanzo vya maji vya wenyeji vilikuwa vimepungua maji au kukauka. Kampuni ilisimamisha uchimbaji pale na kuwatafutia watu maji mengine. Watu wa Gifu hawakugombana na mtu. Waliamka tu wakakuta kisima hakina maji.

Basi turudi kwetu. Gari la sumaku halijapangwa Kisii wala Nyamira, na kwa maoni yetu si hasara. Gari hilo huchukua watu, halichukui mizigo. Ndizi zetu, maparachichi yetu na magunia ya chai iendayo Mombasa hayana haja ya kwenda kilomita 500 kwa saa. Yana haja ya gari litakalosimama karibu na kuyapakia. Hata Ujerumani, iliyokuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia kubuni magari hayo, iliacha mpango wake wa Hamburg na Berlin mwaka 2000, na ule wa München mwaka 2008, kwa sababu ya gharama. Njia ya Shanghai, iliyojengwa kwa ufundi wa Kijerumani, ina urefu wa kilomita 30 tu. Vijana wamekwisha pata jibu lao.

Lakini iko reli nyingine iliyopangwa kupita kwetu, nayo si ya picha. Reli mpya ya Kenya ilifunguliwa kutoka Mombasa mpaka Nairobi tarehe 31 Mei, 2017, na kutoka Nairobi mpaka bonde la ufa karibu na Naivasha mwezi wa Oktoba, 2019. Sehemu inayofuata katika mpango ni ya kutoka Naivasha mpaka Kisumu, urefu wa kilomita 262 hivi, ikipita Narok na Bomet, kisha katika nchi ya Nyamira kabla ya kushuka kuelekea ziwani. Baadaye ifike Malaba. Fedha zilipokosekana, mpango ulilala. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba itaendelea nao.

Sisi twaitaka reli hiyo. Tuseme hivyo waziwazi, asije mtu akadhani twaandika ili kuipinga. Reli ya kwanza ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa zaidi ya miaka 120 milima ya Gusii imekuwa ikiitazama kwa mbali. Mazao yetu hubebwa na malori, na kila tone la dizeli hukatwa katika bei anayopewa mkulima. Lakini reli yapita juu ya ardhi, na ardhi kwetu ni chache kuliko karibu mahali po pote katika Kenya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba ya Kisii, na karibu 675 katika Nyamira. Huko Borabu mashamba ni makubwa kidogo tangu yalipogawanywa katika miaka ya 1960. Kwingineko mtu ana eka moja au nusu eka, nayo ina nyumba, ng'ombe, ndizi, chai na kaburi la baba yake.

Tena kuna maji. Katika nchi yetu familia nyingi hazinywi maji ya bomba. Huteka kwenye chemchemi chini ya kilima. Mvua hunyesha juu, maji hupenya udongo mpaka yakute tabaka gumu, kisha hufuata tabaka hilo mpaka yatokeze ubavuni mwa mlima. Mhandisi akikata mlima huo kwa kina kuliko njia ya maji ili reli ipite sawasawa, maji hayawezi kujua kwamba yatakiwa chini kwa wateka maji. Yatatoka pale pale palipokatwa, yaingie mferejini kando ya reli, yaende zake. Haihitaji handaki la kilomita 25. Mkato mmoja wa mita 10 mahali pabaya watosha. Twaambiwa kila siku tung'oe mikaratusi kandokando ya mito kwa kuwa inakunywa maji mengi, na ni shauri jema. Je, mkato wa reli hauna haja ya kuulizwa swali lile lile? Mto Gucha waanzia katika milima yetu, na mito yetu mingine yaingia Sondu, ambao maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu. Wanaoyahitaji maji hayo si sisi peke yetu.

Watu wengi hudhani kwamba wakati wa kusema ni pale wapima ardhi wanapofika na vigingi vyao. Wakati huo mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka kazi kubwa kama reli iandikiwe taarifa ya madhara yake, na taarifa hiyo ipelekwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA. NEMA hutangaza taarifa hiyo katika Gazeti la Serikali na katika magazeti ya kawaida, na watu hupewa siku za kuleta maoni. Hiyo ndiyo nafasi iliyotumiwa na watu wa Shizuoka. Mtu asiyeridhika na leseni iliyotolewa aweza kukata rufani mbele ya baraza la hukumu la mazingira, lakini awahi: siku zake ni 60.

Ardhi ina njia yake nyingine. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba ardhi ya mtu ikichukuliwa kwa faida ya watu wote, lazima alipwe fidia ya haki, kamili na bila kukawia. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayotangaza nia ya kuchukua, kisha hufanya baraza la uchunguzi ambako kila mwenye haki huleta madai yake. Na sheria haimtambui tu yule ambaye jina lake limo katika daftari la ardhi. Humtambua pia mke wake au wake zake, na mtu anayekaa katika ardhi hiyo kwa kweli, pamoja na mkewe. Akina mama wasikieni neno hili, kwa maana katika nyumba nyingi mwenye kuchuma chai ni mama na mwenye kutia sahihi ni baba.

Hata hivyo daftari lina nguvu. Mashamba mengi ya Gusii yameandikwa bado kwa jina la babu aliyekufa zamani, na wana na wajukuu wamegawana kwa maneno na kwa miti ya mpaka tu. Reli ikija, ndugu watano watasimama mbele ya Tume na cheti kimoja cha marehemu. Fidia itakwama, na maneno yataanza. Mambo ya mirathi huchukua miezi, mara nyingine miaka, katika mahakama. Afadhali yaanze sasa, reli ije isije. Hata wenye vyeti safi hawakulipwa wote mara moja: katika njia ya kutoka Mombasa mpaka Naivasha wako waliongoja fidia kwa miaka kadhaa baada ya gari kuanza kupita.

Mkulima wa chai aulize pia jinsi michai yake inavyohesabiwa. Mchai si hindi linalovunwa likaisha. Hupandwa, hungojwa miaka mitatu hivi kabla ya kuchumwa vema, kisha huzaa kwa miaka mingi kupita umri wa aliyeupanda. Huleta malipo ya kila mwezi na bonasi kila mwaka. Ukihesabiwa kama kichaka, mwenyewe amepunjwa. Aulize tena kuhusu kipande kitakachobaki: reli ya kisasa hupita juu ya tuta refu au ndani ya mkato, na huzungushiwa ua. Nyumba ikiwa upande huu na chai upande ule, na kivuko kiko mwendo wa nusu saa, mtu aliye na kikapu cha majani mgongoni atapita wapi? Mahali pa kivuko huamuliwa kwenye karatasi, na ni rahisi kukisogeza kwa kalamu kuliko kwa saruji.

Na stesheni? Twaomba viongozi wetu waliulize jambo hili kwa sauti. Nyamira itatoa ardhi. Je, magari ya mizigo yatasimama ndani ya Nyamira, mahali ambapo lori la ndizi kutoka Kisii na la chai kutoka Borabu yaweza kufika bila kuzunguka, au yatapita kama yale ya Japani yanavyopita chini ya Shizuoka?

Wako watakaosema kwamba mkulima akiuliza maswali haya anachelewesha maendeleo. Hatukubali. Swali lililoulizwa mwaka mmoja kabla ya kuidhinisha huchukua mhandisi wiki chache kulijibu, kwa kuchimba visima vidogo vya kupimia maji na kubadili mstari kidogo. Likiulizwa baada ya mikataba kutiwa sahihi na mkopo kuanza kulipiwa riba, hukaa mezani miaka 10. Waliojenga gari la haraka kuliko yote duniani walifanya hesabu hiyo wenyewe.

Lililobaki ni la wakubwa. Taarifa hizi huandikwa kwa Kiingereza, kurasa mamia, na kuwekwa katika ofisi ambako mchuma chai hafiki. Mabaraza nayo mara nyingi huitwa asubuhi, saa za kuchuma, mahali pa mbali. Twaomba muhtasari wa taarifa uandikwe kwa Kiswahili na Ekegusii, na mabaraza yafanywe katika vituo vya kununulia majani, jioni, wakati watu wamekwisha kupima mzigo na wanangoja lori la kiwanda. Chifu awepo, na wazee wa vijiji, na mhandisi anayeujua mstari, si karani aliyetumwa kuandika majina ya waliohudhuria. Ramani itandikwe mezani, na wale wanaoteka maji kila siku waitwe mbele waonyeshe kwa kidole kila chemchemi mahali ilipo, kwa jina lake linalojulikana na wenyeji, na ziandikwe zote katika ramani hiyo kabla haijarudishwa Nairobi.